Umeangalia Barafu?

Canora, Saskatchewan
9 Februari 1981

Kaka Metro,

Atukuzwe Yesu Kristo!

Salamu kutoka kwetu sote. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua na baridi haimpi nafasi. Ng'ombe mwekundu amezaa, ni dume. Bibi Fedorak wa barabara ya pili amefariki. Ilibidi wachome matairi juu ya ardhi iliyoganda siku nzima ndipo kaburi likachimbika. Doreen na watoto hawajambo? Mwambie kadi yake imefika.

Vasyl amerudi kutoka hospitali ya Saskatoon Alhamisi iliyopita. Jicho la kulia wamelitoa. La kushoto lipo, lakini ni la kukaa usoni tu. Daktari alimmulika kwa tochi akamwuliza anaona nini, Vasyl akasema, "Nasikia unapumua." Ndiyo hali yenyewe, nisikufiche.

Sasa nisikilize. Watu wanakuja kumpa pole, na kila mmoja lazima aulize: "Ilikuwaje, Vasyl, wewe wa betri miaka yote hii?" Naye anawajibu wote jibu lile lile: "Nilisahau kuuliza kama imeganda. Basi."

Hakusahau, Metro. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mlango nimebeba kabichi zako za safari, zile za kukunjia wali. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Metro, umeangalia barafu?" Nawe ulikuwa umekaa kwenye usukani, boneti imekukinga, ukapaza sauti: "Nimeangalia! Maji matupu! Fanya haraka, bwana, dhoruba inakuja!" Ndipo akafunga nyaya kutoka pikapu yetu kuliwasha gari lako, na betri yako ikalipuka. Vipande vya betri niliviokota mimi baadaye. Vifuniko bado vilikuwa vimekazwa, na ndani yake mabonge ya barafu. Hukufungua hata kimoja.

Daktari anasema mlipuko kama ule unaweza kumfuta mtu kumbukumbu ya saa nzima, nami naamini ndivyo ilivyokuwa. Nimemweleza mwenyewe, akanipapasa mkono akasema, "Nastia, unanitetea tu kwa kuwa mimi ni mume wako." Neno hili likitoka kwangu haliingii. Kwako litaingia. Mwandikie mstari mmoja, nitamsomea: uliniuliza, nikakujibu nimeangalia, na sikuwa nimeangalia. Sitaki kingine kutoka kwako.

Dada yako,
Nastia


Hamilton, Ontario
1 Machi 1981

Dada mpendwa,

Atukuzwe milele!

Nimefurahi kupata barua yako na kujua Mama anaendelea vizuri. Huku nasi tunasukuma siku. Kiwandani wametuhamishia tanuru la pili, joto kama jehanamu, ukitoka nje jasho linakugandia mgongoni. Doreen anasalimu. Mdogo ameota meno mawili ya mbele na anang'ata kila kitu, pamoja na baba yake.

Habari ya Vasyl imeniumiza sana, nakwambia kweli. Tangu nifike huku usingizi ni wa kuvizia. Shemeji yangu ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi hukutana na mambo. Huku kwetu mwaka jana mmoja alipoteza mkono wote. Ajali ni ajali, Nastia, haina mwenyewe.

Kuhusu siku ile, kulikuwa na upepo na injini ya pikapu yenu inanguruma, mimi nimejifunika skafu mpaka masikioni. Nani alisema nini sikumbuki sawasawa, na nadhani hata wewe kule kwenye ngazi ulisikia nusu nusu. Tusianze kupimana maneno. La muhimu apone.

Mbusu Mama. Zile kabichi zilifika salama, nilizila Thunder Bay.

Wako,
Metro


Canora
22 Machi 1981

Kaka Metro,

Atukuzwe Yesu Kristo!

Mama hajambo. Theluji imeanza kulainika mchana. Dume tumemwita Bufalo kwa sababu anapiga vichwa ndoo zote.

Nafurahi kwamba kabichi zilifika salama.

Unajitia hamnazo, Metro. Huwezi kukumbuka kabichi ulizila mji gani ukasahau maneno yaliyotoka kinywani mwako asubuhi moja kabla. Na upepo haukuwapo. Moshi wa dohani ulikuwa umesimama wima, Mama anakumbuka, mimi nakumbuka. Kilichokuwapo ni baridi ya thelathini na nane chini ya sifuri, na gari lako ambalo hukutaka kulichomekea waya wa kupasha injini ukisema Ontario nyie mna magari ya kiume.

Na tuseme na lile jingine. Siku ya Krismasi yetu ya Januari Mama hataki redio nyumbani, unajua tangu tuko wadogo. Wewe ukaenda kukaa garini kusikiliza hoki, injini imezimwa, redio na feni vinanyonya betri mpaka mchezo ukaisha. Betri iliyojaa haigandi kirahisi. Iliyonyonywa inabaki maji maji tu ndani, nayo inaganda usiku huo huo. Hilo nimelijua kwa kulala kitanda kimoja na Vasyl miaka kumi na tisa, sikusoma popote.

Unajua kila Novemba, kabla ya baridi kukaza, gereji ya ushirika ilikuwa inamwita afundishe vijana wa mashambani. Anawapanga mbele ya lori. Vua pete, vua saa. Vaa miwani ya kazi. Zima sigara, betri inatoa gesi. Fungua vifuniko uangalie. Ukiona barafu usiishtue kwa nyaya za gari jingine, ipeleke ndani iyeyuke taratibu, mbali na jiko. Waya wa mwisho usiufunge kwenye betri mbovu, ufunge kwenye chuma cha injini, mbali. Asidi ikikurukia, maji, maji, maji, usihesabu dakika. Vijana wakimwigiza kwa kumfanya mwoga mno, anacheka nao. Wale wale sasa wanapita barabarani hawaingii, wanaona haya kwa niaba yake.

Juzi Bwana Sawchuk wa gereji amekuja mwenyewe. Amemwambia, "Njoo Novemba ufundishe, macho si lazima, mdomo unao." Vasyl akamjibu, "Nani atafundishwa na aliyesahau somo lake mwenyewe?" Akageuza kiti akatazama ukuta. Yaani akaelekeza uso ukutani. Bado sijazoea namna ya kulisema.

Mstari mmoja, Metro. Atarudi kazini kwa mstari mmoja. Miwani ile aliiacha gereji siku ile, hilo ni lake na analikubali. Lako ni lako.

Na swali moja dogo. Kesho yake ulinunua betri mpya mjini ukaondoka. Barabara yako ilipita mbele ya hospitali ya Yorkton, ambako alikuwa bado hajahamishwa. Ulipunguza mwendo?

Nastia


Hamilton
3 Mei 1981

Dada,

Kristo amefufuka!

Mmesherehekeaje Pasaka? Sisi tulikwenda kanisani, Doreen naye alijikaza saa tatu amesimama, baadaye akaniuliza kama nyie hamna viti. Mayai aliyopaka rangi yalitoka kama viazi. Lakini alijaribu, masikini.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaiweka. Umeandika kama hakimu. Mimi pia nina mambo ningeweza kuyaandika, ila nilinyamaza kwa heshima. Sasa umenifikisha.

Nani alimpaka malai? Mimi nilikuwapo. Vasyl amepiga magoti kwenye theluji, mikono usoni, na Mama anakuja mbio na bakuli la malai ya maziwa yaliyochacha, kana kwamba Vasyl ameungua na sufuria tu. Akampaka macho yote mawili, wewe umemshika kichwa. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa nyuma ya mlango. Nilizungumza na daktari wa kiwanda chetu, akasema mtu huyo angeoshwa kwa maji mengi mara ile ile, jicho moja huenda lingepona. Kwa hiyo tukitaka kugawana lawama, tugawane sote, kila mmoja achukue fungu lake. Mimi sitabeba peke yangu ili ninyi mlale vizuri.

Sisemi hivi kwa ubaya. Nasema tuache.

Vipi mbegu, mmeanza kupanda?

Metro


Canora
20 Mei 1981

Metro,

Amefufuka kweli.

Hukujiuliza ni nani anayesoma barua zako. Vasyl hawezi tena. Kwa hiyo nazisoma mimi, kwa sauti, mezani baada ya chakula, Mama akiwa amekaa pale pale anangoja kusikia mwanawe anasemaje. Nilifungua hii ya Pasaka kwa furaha. Nikasoma Doreen na mayai, Mama akacheka. Nikafika kwenye malai.

Nikasoma hali ya hewa. Nilibuni mvua ya Hamilton, nikabuni tanuru la tatu, nikakutungia salamu ndefu zenye mapenzi. Vasyl akauliza, "Mbona amebadilika sauti hapo katikati?" Nikamwambia mwandiko ni mbaya.

Lakini Mama si mjinga. Alikwishajua. Tangu Januari hajaweka malai mezani. Pirohi zetu za unga na viazi tunazila na kitunguu tu, kama siku za mfungo. Maziwa anayatenganisha, malai yanachacha, anawapa nguruwe. Hajasema neno na hakuna aliyemwuliza. Ni kweli nilimshika kichwa. Ni kweli ndoo ilikuwa nyuma ya mlango. Vasyl alikuwa analia "maji" na sisi tulimsikia tukadhani analia tu. Hilo naamka nalo, nalala nalo, huna haja ya kunikumbusha kutoka Ontario.

Ila wewe uliyeijua ndoo iko wapi, ulikuwa na miguu. Kwa nini hukuileta?

Ukiandika tena namna ile, sitaruka. Nitamsomea Mama kila herufi, na jina lako chini.

Tumeshapanda ngano. Shayiri bado.

N.


Hamilton
4 Oktoba 1981

Dada mpendwa Nastia, Mama mpendwa, na shemeji yangu Vasyl,

Atukuzwe Yesu Kristo!

Mtanisamehe kwa kimya. Mgomo wa posta umetuharibia kiangazi chote, barua zimelala huko kwenye magunia. Nyumbani tu wazima. Nimepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa zamu. Doreen anataka zulia jipya.

Najua mama mzazi na dada wananisikiliza sasa hivi, na wewe Vasyl, kwa hiyo nasema na nyote. Nimefikiria muda mrefu nifanye nini kwa ajili yenu, maana maneno hayajengi nyumba. Basi nimetuma kitu kwa basi, kitafika kabla ya theluji. Ni betri, aina mpya kabisa. Haina vifuniko! Imezibwa moja kwa moja, haiongezwi maji, haihitaji kufunguliwa wala kuchunguliwa. Juu yake ina kijicho cha kioo. Kikiwa kijani iko sawa. Kikiwa cheusi inataka chaji. Kikipauka, tupa. Jicho linakuambia lenyewe, mtu hahitaji kumwuliza mtu.

Vasyl, ukiwa nayo hiyo, yaliyotupata hayawezi kutokea tena. Nimetoa moyo wangu wote katika zawadi hii, na naomba tufunge ukurasa.

Mama, nakubusu mikono.

Metro wenu


Canora
29 Novemba 1981

Metro,

Mgomo wa posta uliisha Agosti.

Betri imefika. Tuliifungua jikoni. Nilimsomea Vasyl barua yako yote, safari hii sikuruka kitu. Nilipofika kwenye kijicho nilisimama kidogo nikatafuta njia ya kupita, sikuiona, nikasoma. Umemtumia mtu asiye na macho betri yenye jicho, ukamwambia jicho litamsaidia. Sidhani ulikusudia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba hukukaa hata kidogo kumfikiria. Vasyl alipapasa juu mpaka akalipata lile duara la kioo, akalisugua kwa kidole gumba. "Laini," akasema. Nikaipeleka kibandani.

Sasa nikueleze ya Jumapili, kisha sitakusumbua tena.

Padri Onufri alikuja baada ya misa kumpa Vasyl komunyo, akakaa kupiga soga, na alipotaka kuondoka gari lake likakataa. Ilikuwa thelathini chini. Akaingia ndani anasugua mikono. "Vasyl, mwanangu, pikapu yenu inaweza kunishtua?"

Metro, tangu Januari hajakanyaga karibu na gari. Akasimama. Akaniambia, "Nastia, koti." Akatoka ameshika bega langu mpaka kwenye boneti. "Padri, umeangalia barafu?"

"Nimeangalia," akasema Padri. "Iko sawa tu."

Vasyl akageuza sikio kwenye boneti. Kisha akasema, taratibu kabisa: "Hapana. Usiniambie. Fungua vifuniko nisikie."

"Vasyl, mimi ni padri wako!"

"Hata kama ungekuwa askofu. Vikifunguliwa kwenye baridi vinalia. Sijavisikia vikilia. Nastia, mpe kijiti kikavu. Padri, vua pete, vaa miwani ya kazi iliyo kwenye pikapu, usiiname juu yake. Gusa kila tundu kidogo kidogo, mimi nasikiliza."

Padri akafungua, uso umemwiva, na kweli vilikuwa vinalia kama panya. La kwanza, kijiti kikazama kimya. La pili, kimya. La tatu, tok.

"Imeganda," akasema Vasyl. "Ungetuua."

Padri akaifungua betri, waya wa hasi kwanza, akaiweka ndani ukumbini juu ya ubao, mbali na jiko, iyeyuke polepole. Vasyl akamwambia ikiyeyuka aikague kama kasha limepasuka kabla ya kufikiria chaja. Nami nilikuwa nimerudi kusimama kwenye ngazi, pale pale pa siku ile. Vifuniko vinalia. Anajua vinalia. Siku ile alisimama mbele ya gari lako kwenye kimya kile, na hakuvisikia.

Padri alibaki kwa chakula. Pirohi zikaja na kitunguu. Akatazama huku na huku akauliza, "Mama Paraska, malai yameisha nchi hii?" Vasyl akasema, "Mama, lete malai." Mama hakuinuka. Akasema tena, "Lete, Mama. Wewe ulikosea unakimbia kuja kwangu." Mama akaleta bakuli, akamwekea yeye kwanza, mengi mpaka mengine yakamwagika kwenye shati.

Asubuhi nilimwuliza. "Hukusahau hata siku moja, sivyo?"

"Hapana," akasema. "Nilimwuliza, akanijibu. Nilijua anadanganya. Nikajiambia, shemeji hawezi kunidanganya kwa jambo kama hili, masikio yangu ndiyo mabovu."

"Basi kwa nini umejibebesha mwaka mzima?"

"Mama yenu ana mtoto wa kiume mmoja tu. Na nilitaka alitamke mwenyewe. Ulipokuwa unasoma barua zake nilikuwa nangoja. Kila moja. Hii ya betri ndiyo niliyongoja sana, maana ilikuwa ndefu."

Kwa hiyo huna haja tena ya kuandika ule mstari. Nimekuomba mwaka mzima kitu ambacho alikuwa nacho tangu siku ya kwanza, nikidhani nakitafuta kwa ajili yake. Kumbe ilikuwa nafasi yako wewe. Ilikuwa wazi muda wote, mezani kwetu, na wewe ukatuandikia zulia.

Jumanne amekwenda gereji. Amefundisha vijana kumi na mmoja, nimempeleka na nikakaa nyuma. Kanuni ni zile zile, ila ameongeza moja mwanzoni: mwenye gari akikuambia ameangalia, angalia wewe. Kijana mmoja akauliza ni nani aliyemwambia ameangalia. Vasyl akasema, "Mtu aliyekuwa na haraka." Jina hakulitaja, nami sikulitaja.

Krismasi usije. Mama atakuandikia mwenyewe akitaka.

Betri yako bado iko kibandani, hakuna aliyeifunga wala kuichaji. Jana Vasyl aliniuliza jicho lake lina rangi gani. Nilivaa viatu, nikaenda mpaka kibandani, nikafuta vumbi, nikainama nikaangalia. Nikarudi nikamwambia: jeusi.

Nastia